Papi Zilizorudi Darini

Kwa miaka kumi na minne, mimi na Fundi tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Upande wangu jiko, masufuria na wateja wanaotaka chai kabla jua halijapanda. Upande wake mashine. Alipoiwasha, vikombe vyangu vilicheza kwenye rafu, na kuna mteja mmoja aliyekuwa akishika sahani yake kwa mikono miwili, akisema isije ikamkimbia mpaka Soni.

Hapa Gare mafundi tunao wengi, wa cherehani, wa pikipiki, wa matofali. Lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu anajua ni yule wa pinde. Wanasema kwao ni Mtae, kule mlima unakoishia, na kwa kuwa kila akifiwa huelekea huko, naamini. Zaidi ya hapo sikumchimba, wala yeye hakunichimba.

Nataka kumweleza kama nilivyomjua. Ila niseme mapema, asije mtu akadhani nampamba mzee wa watu bure. Kuna jambo nilimfanyia, nikalificha miaka minne, na kwa miaka hiyo minne aliamini kwamba mikono yake imekufa. Fundi hakuwa na kitu kingine cha kujivunia ila mikono ile. Nilikuwa na neno moja la kumrudishia, nikakaa nalo mdomoni huku nampakulia maharage kila mchana.

Pinde zake hazikuwa za kijiti kilichokunjwa, kama zile tulizochezea utotoni. Alizijenga kwa papi, vipande virefu vya mbao vyembamba kuliko mpini wa mwiko, vitano au sita, vikabandikwa kwa gundi kimoja juu ya kingine. Nje mwanzi, ndani mtalawanda, na katikati wakati mwingine mgrevilea kwa sababu ni mwepesi. Akishazipaka gundi alizilaza kwenye kalibu yenye umbo la upinde, akazifunga kwa mipira ya tyubu za baiskeli kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama mguu uliovunjika. Akifungua, mbao sita zimekuwa moja.

Kazi yenyewe ilikuwa kusaga. Mashine aliiunda kwa mkono wake: mota kutoka kwenye mashine ya mahindi iliyokufa, gogo la mviringo lililovikwa msasa, na chini yake ubao unaopandishwa na kushushwa kwa skrubu. Papi inaingia huku nene, inatoka kule nyembamba, na vumbi linajaa chumba kizima. Watoto walisema Fundi anasaga unga wa mbao. Papi ilitakiwa ipungue unene kutoka katikati kwenda nchani, kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Pakizidi wembamba mahali pamoja, upinde utajikunja hapo kila unapovutwa, na siku moja utakatikia hapo.

“Upinde hauvunjikii mguuni, mama,” aliniambia mara nyingi. “Unavunjikia usoni. Ndiyo maana sisagi nikiwa na hasira.”

Na hasira alikuwa nazo, jamani. Ukimwambia utarudi baada ya dakika kama kumi, anakuuliza, “Kumi, au siyo kumi?” Ukimwagiza kigoda cha urefu wa kiasi, anakurudisha nyumbani ukapime goti la atakayekikalia. Aliwahi kugombana na fundi mwashi kanisani, tena baada ya misa, kwa sababu ya dirisha lililopinda upana wa kidole. Siku za namna hiyo mashine haikuwaka. Alikaa mlangoni akichonga vijiti visivyo na kazi mpaka moyo utulie, nami nilijua leo nitapika chakula kisicho na vumbi.

Maana vumbi hilo ndilo lililotukutanisha. Mwaka wa kwanza tulikuwa hatuelewani hata kidogo. Nilimkuta asubuhi moja, nikamwamkia shikamoo kama inavyopasa, akaitikia marahaba, na baada ya hapo nikamwaga yote. Kwamba wateja wanakula mbao. Kwamba pilau yangu ina msasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Jiko lako linawaka saa ngapi mpaka saa ngapi?” Nikamwambia, tangu alfajiri hadi jioni. Akavuka mpaka jikoni kwangu, akatazama juu, kwenye dari langu la miti, pale ninapoanika mahindi ya mbegu juu ya moshi.

Tukakubaliana hivi. Yeye asage asubuhi mapema, kisha tena wateja wa mchana wakishaondoka. Mimi nimwachie nusu ya dari akaushie mbao zake mbichi, kwa sababu huku kwetu ukungu ukishuka hata chumvi inalia machozi, na mbao iliyoachwa karakanani haikauki, inaota ukungu. Mbao zilikaa darini kwangu miezi sita, nyingine mwaka. Zilishuka nyeusi kwa masizi, akazipasua, akazisaga, na ndani zilikuwa nyeupe na kavu kabisa. Alinipa na ufunguo wa karakana, ili mvua ikinyesha na yeye hayupo nifunge madirisha. Watu walishangaa, kwa sababu hata paroko alipotaka kuazima randa alisubiri nje.

Alikuwa na kalipa, kile chombo cha chuma cha kupimia unene, akaitunza ndani ya soksi ya sufu. Lakini hakuanza na kalipa. Alianza na kidole gumba. Anafumba macho, anapitisha gumba juu ya papi polepole kama mtu anayetafuta mwiba, anataja namba, kisha ananipa mimi kalipa nihakikishe, maana macho yake hayakuweza tena kusoma mistari midogo.

“Mbili na nusu.”

Napima. Milimita mbili na nusu.

“Na huku nchani? Mbili na robo.”

Napima. Mbili na robo.

“Wedi,” anasema, kwa Kishambaa chetu, vizuri. Kisha anaichukua nyingine. Kwa miaka yote hiyo sikumkuta amekosea zaidi ya upana wa unywele. Mwanzoni niliona ni mchezo wa wazee. Baadaye nikawa naunguza maharage kwa kusimama pale.

Upinde ukikamilika hakuukabidhi mpaka auvute mara mia mbili. Aliufunga kwenye nguzo, akapitisha kamba kwenye kapi, akatoboa tundu ukutani na kuvutia akiwa chumba cha pili, ili ukipasuka usimkute. Nilisikia hesabu yake kupitia ukuta wangu. Mia na kumi. Mia na kumi na moja. Wateja wakanyamaza bila kuambiwa, vijiko hewani. Akifika mia mbili alitoka nje jasho linamtiririka hata wakati wa baridi, akaomba chai ya rangi, akainywa amesimama.

Na mtu huyo mwenye pinde ukutani, zinazoweza kuangusha nguruwe pori, hakuweza kuchinja kuku. Kuku wake walizeeka. Jogoo mmoja alikaa naye mpaka akawa kipofu, Fundi akawa anamwongoza kwa kugonga kopo. Sikukuu ikifika alimwita jirani yetu Mwislamu aje achinje, na yeye akajifanya ana safari. Alipokuja mtu kutoka Zirai, kanunua njiani mpaka mishale, akitaka upinde wa kuingilia msituni, Fundi alimpa kiti, akamnywesha chai yangu, akamsikiliza vizuri, kisha akamwambia pinde zake zina ugonjwa, zikiona mnyama zinapinda upande. Yule bwana akaondoka akitikisa kichwa. Pinde zilikwenda kwenye nyumba moja ya wageni kule juu, ambako watalii hupiga shabaha za nyasi, kwa vijana wa mjini wanaoshindana, na kwa mwalimu wa michezo wa shule ya wasichana, aliyekuwa na timu ya kulenga shabaha na akipigania kila siku ichukuliwe kwa uzito kama netiboli.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Fundi aliirudia kuliko salamu. Papi iliyosagwa leo ipakwe gundi leo. Mbao iliyotoka kusagwa, alisema, ina kiu, inainywa gundi. Ikikaa wazi inashika uchafu wa hewa, jasho la mikono na mafuta, na kiu inakwisha. Ikilazimu sana, usiku mmoja, ndani ya karatasi safi, mezani pake, na asiiguse mtu.

Nilikuwa nimeisikia sheria hiyo mara elfu. Niliijua kwa sikio, sikuijua kwa akili.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa sita. Fundi alikuwa amesaga papi sita za upinde wa yule mwalimu wa michezo, nami nikazipima, zote wedi. Kabla hajachanganya gundi akapigiwa simu, ndugu yake amefariki Mtae. Akazifunga papi kwenye karatasi, akazilaza mezani, akaniambia atarudi jioni. Barabara ya Mtae unaijua. Jioni hakurudi. Gari limekwama, alisema kwenye simu, analala huko.

Ukungu ukashuka. Uliingia karakanani kupitia mianya ya mbao, na nilipokwenda kufunga madirisha nikakuta karatasi imelegea kwa unyevu. Nikamwonea huruma. Nilimfikiria mzee wa watu yuko msibani, na kazi yake inanyonya maji huku. Unyevu niliujua, kwa sababu kila siku alikuwa akiulaani. Basi nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa hapa angefanya na kitu anachotaka kikae kikavu. Nikazichukua zile papi, nikazitoa kwenye karatasi, nikazipandisha darini kwangu juu ya meko, moja moja, zisigusane. Chini yake sufuria ya maharage ilikuwa inachemka.

Asubuhi nilizishusha. Zilikuwa kavu, safi, hazina hata doa. Nikazifunga kwenye karatasi mpya, kwa mpangilio uleule, nikazirudisha mezani. Nilijiona mwema. Wema wangu ndio ulioniponza, lakini hayo niliyajua baadaye.

Fundi alirudi saa nne, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mwalimu alikuwa anausubiri upinde kwa mashindano. Nikamwamkia, nikampa pole, akaketi kunywa chai. Nilitaka kumwambia, nikasema ngoja apumzike kwanza. Akaingia karakanani, akazipitishia gumba, akanipa kalipa. Unene ulikuwa sawasawa, na unene ndio tuliokuwa tukiupima. Akachanganya gundi.

Upinde ule ulivutwa mara mia mbili na haukulia hata kidogo. Mwalimu aliubeba kwa furaha. Ukafanya kazi miezi miwili, na mwezi wa tatu, mbele ya wasichana wake wamesimama mstari, ukafunguka. Papi ya nje ilitoka kama ganda la ndizi na kumchapa usoni. Alishonwa nyuzi nane hospitalini Lushoto. Jicho lilipona, ila kope lake mpaka leo linaning'inia, kama la mtu anayetaka kulala.

Vipande walivileta karakanani kwenye mfuko wa rambo. Fundi aliviweka mezani, akaviinamia muda mrefu. Nami nilikuwa mlangoni na bakuli la unga.

“Tazama,” akasema, bila kugeuka. “Mbao haikuchanika. Gundi imetoka nzima, inang'aa kama kioo. Haikushika.” Akapitisha gumba. “Msasa wangu ulikuwa umekwisha makali, nikawa sisagi, nang'arisha. Na mikono haikunijulisha.”

Nilitazama pale gundi ilipong'aa, na papo hapo nikauona mti wa dari langu, ule unaong'aa kwa mafuta ya moshi wa miaka, ambao ukipitisha kidole unatoka na weusi wa utelezi. Nikajua. Sikuhitaji mtu aniambie.

Na sikusema. Nilijiambia leo ana uchungu, nitasema kesho. Kesho yake mama mzazi wa mwalimu alikuja akilia barabarani, akiuliza ni nani aliyemfanyia mwanawe hivi, na Fundi akatoka nje, akasimama mbele yake, akasema, “Ni mimi, mama.” Mzee mwenye mvi. Baada ya hapo kila siku iliyopita iliongeza uzito juu ya ulimi wangu. Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kilichozaliwa ni aibu tupu.

Alizunguka kukusanya pinde. Alikwenda nyumba ya wageni, alikwenda mpaka Tanga kwa basi, akarudi na pinde kumi na moja, zote za mwaka ule, na akazikata kwa msumeno mbele ya karakana. Zilikuwa nzima zote. Nilisimama pale nikiona pinde kumi na moja nzima zinakatwa kwa ajili ya ulimi wangu. Moja ilikuwa ngumu, msumeno ukakwama, akaniomba nimshikie ncha. Nikashika.

Kisha akaifunika mashine kwa gunia. Vikombe vyangu vikatulia kwenye rafu. Wateja wapya hawakujua kama kulikuwa na mashine, na yule wa sahani alisema chai imepoteza ladha.

Mtu aliyekuwa akigomba kwa ajili ya upana wa kidole akawa anasema, “Pima mwenyewe, mama, mimi siamini.” Alitengeneza vigoda, masanduku na miiko. Kila mwiko alioumaliza aliuleta kwanza kwangu, akaniuliza kama mpini umekaa sawa mkononi. Ulikaa sawa. Nilimwambia umekaa sawa, naye alinitazama kama mtu anayepewa sadaka. Jogoo kipofu alikufa, na Fundi hakumzika kwa kelele kama nilivyotegemea. Alikuwa amekuwa mpole. Upole huo ulinitesa kuliko hasira zake zote, nikawa namwombea Mungu agombane na mtu.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, akaniambia kwamba mota anaiuza. Kuna kijana kwao Mtae anafungua mashine ya mahindi, gari litakuja Jumamosi. “Irudi kwenye mahindi,” alisema. “Ndiko ilikotoka.” Alisema huku anamenya yai, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ilikuwa Jumatano. Nilipika Alhamisi yote bila kujua ninachopika, nikatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Mchana wateja walipoondoka nilijifuta mikono, nikavuka. Alikuwa anafungua skrubu za mashine, gunia liko chini.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba, mama.”

“Usifungue kwanza. Nina neno.”

Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, na kwa mpangilio, kama anavyopenda yeye: karatasi ililegea, nilizitoa, nilizipandisha darini, maharage yalikuwa yanachemka, nilizishusha saa kumi na mbili. Nilimwambia nilijua siku ileile vipande vilipoletwa. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitoa.

Bisibisi ilibaki mkononi mwake.

“Miaka minne,” akasema.

“Ndiyo, mzee.”

“Nilikushikisha ncha. Nikakata. Ulikuwa umeshika ncha.”

“Ndiyo.”

“Wewe mwanamke!” Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu kabla ya ajali, na ilitetemesha rafu kama mashine. “Miaka minne nanyoosha mikono hii kitandani naiuliza, nyie mmefia wapi? Nakula chakula chako! Namshukuru Mungu kwa jirani! Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea!” Akatupa bisibisi. “Na yule mwenye jicho, umemwambia?”

“Bado.”

“Basi hujamaliza. Toka.”

Nilitoka. Sikuwa nimelia namna ile tangu nimzike mume wangu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta anafungua mlango. “Shikamoo, Fundi.” Akapita. Wateja wawili walikuwapo, wakatazama vikombe vyao. Hapa kwetu mkubwa anaweza kukunyima vyote, lakini marahaba hakunyimi. Nikajua nimefutwa.

Hata hivyo, kabla ya saa mbili aliingia jikoni kwangu bila hodi. Alipitisha kidole kwenye mti wa dari, akakinusa. Kisha akatoa mfukoni vipande vinne vifupi vya mtalawanda alivyovisugua kwa msasa wa mkono. Viwili vilikuwa kwenye karatasi. Viwili akavipandisha darini, juu ya sufuria.

“Maneno si kipimo,” alisema, akiuambia ukuta. “Pika kama kawaida.”

Mchana ule nilikwenda shuleni. Mwalimu wa michezo alikuwa anapanga mipira kwenye chumba kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kope lake likiwa limeshuka, na sikuweza kujua anawaza nini. Nilimwomba radhi. Alikaa juu ya rundo la magodoro ya kurukia.

“Kwa hiyo Fundi hakukosea kusaga?”

“Hakukosea.”

“Mimi nimeshalizoea jicho langu, mama,” akasema. “Yule mzee ndiye hajalizoea. Nikipita anaingia ndani.” Akanitazama kwa lile jicho zima. “Ulikosea kunyamaza, si kuanika. Nenda ukamwambie naendelea kusubiri upinde.”

Jumamosi asubuhi Fundi alivishusha vile vipande mwenyewe, akavipaka gundi vyote vinne, viwili viwili, akavifunga kwa mpira. Gari lilipofika aliwapa waliokuja nalo chai yangu, akawaambia mota ina kipimo inachokingoja, warudi wiki ijayo. Jumapili alikaa kiti chake cha mbele kanisani, hakugeuka. Mimi niliimba na wengine, lakini sikusikia hata neno moja. Akili yangu ilikuwa imeshikilia vile vipande vinne. Kama vya darini vingeshika vizuri, basi si moshi. Basi ni mikono kweli, na mimi nimempa mzee matumaini ya uongo ili nipunguze mzigo wangu.

Jumatatu, wateja walipokwisha, akagonga ukuta mara moja. Nikaenda.

“Shikamoo.”

Hakuitikia. Kipande cha kwanza kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa. Kilikuwa kile cha karatasi. Akatia patasi kwenye ungio, akagonga kwa nyundo. Kilikataa. Akagonga tena, mishipa ya shingo ikatoka, na mbao ikachanika vibaya, nyuzinyuzi za upande mmoja zimebaki zimeng'ang'ania upande wa pili. Gundi haikuachia hata mahali pamoja.

Akabana cha pili, cha darini. Aliishika patasi muda mrefu kabla ya kuinua nyundo.

Akagonga mara moja, si kwa nguvu. Kikafunguka kama kitabu. Gundi ilikuwa nzima, inang'aa kama kioo.

Fundi aliketi juu ya gogo. Alishika nusu moja mkono huu na nusu nyingine mkono ule, akazitazama, kisha nikaona hazitazami tena, anatazama mikono iliyozishika, akiigeuza kwa juu na kwa chini. Machozi yalimtoka bila sauti, mengi, na hakuyafuta. Sikujua nikae au niondoke, nikakaa.

“Nenda,” akasema baadaye. “Jiko lako linaungua.”

Jumanne nilikuwa napuliza moto wakati vikombe vilipoanza kucheza. Kwanza kimoja, kikagonga jirani yake, halafu rafu nzima. Yule mteja wangu wa miaka yote aliidaka sahani yake kwa mikono miwili, akaniangalia. Niliacha maji yanachemka nikavuka.

Vumbi lilikuwa limejaa mpaka darini. Fundi alikuwa ameinama, papi ndefu ya mtalawanda inaingia huku nene na kutoka kule nyembamba. Mlangoni nikasema shikamoo, mashine ikaimeza. Nikasimama. Alimaliza papi ile, akazima, akaipangusa kwa kitambaa safi. Akafumba macho, akapitisha gumba lake juu yake kutoka katikati mpaka nchani, polepole sana.

Bila kufumbua macho akanyoosha mkono wa pili. Kalipa ilikuwa mkononi, ndani ya soksi yake.

“Mbili na nusu,” akasema.

Nikapima. “Mbili na nusu.”

“Na huku. Mbili na robo.”

Nikapima mara mbili, nisije nikamdanganya tena. “Mbili na robo, Fundi.”

Akafumbua macho, akaichukua papi kutoka mkononi mwangu, akaiweka kwenye karatasi safi.

“Marahaba,” akasema.